Mota ya Hammond inachemka kupita kiasi: usikimbilie kununua nyingine

Wakuu, hii ni kwa yeyote mwenye Hammond ya zamani (kinanda cha umeme), yaani zile zenye magurudumu ya chuma ndani, B-3, C-3, A-100, M-3, L-100 na ndugu zao, ambaye akipiga nusu saa hivi anaanza kusikia harufu ya kitu kinaungua kule nyuma, anaweka mkono kwenye mota anautoa mbio. Swali la kwanza la wengi huwa ni nitapata wapi mota nyingine. Subiri kwanza. Kwenye hivi vinanda mota yenyewe kufa sio jambo la kila siku, mara nyingi mota ni nzima ila inateswa na kitu kingine, na ukibadilisha mota bila kukitoa hicho kitu basi hata hiyo mpya itachemka vilevile na hela yako imeenda.

Tuanze na kwanini hii mota haifanani na mota ya feni au ya pampu. Laurens Hammond kabla ya vinanda alikuwa mtu wa saa za umeme, kampuni yake ya Chicago ilikuwa inatengeneza saa za ukutani na za mezani, na kinanda chake cha kwanza kilipotoka mwaka 1935 ndani yake kulikuwa na wazo lilelile la saa: mota inayokwenda sambamba na mapigo ya umeme wa ukutani. Umeme wa Marekani ni hezi 60, mota inazunguka mara 1200 kwa dakika, basi, haiongezi wala haipunguzi, ndo maana Hammond haina haja ya kutyuniwa. Hiyo mota inazungusha shafti ndefu na kwenye B-3 ile shafti inaendesha magurudumu 96 (91 ndo ya sauti, yaliyobaki yapo kwa ajili ya kubalansi), na kila gurudumu lina mahali linapokalia ambapo panatakiwa pawe na mafuta. Alafu kwenye modeli zenye vibrato (sauti kutetemeka) kuna ile skana, kifaa kinachoitengeneza, imefungwa hukohuko kwenye mota, nayo inazunguka.

Sasa shika hii maana ndo msingi wa yote. Feni ikipata uzito inapunguza spidi, unaiona kwa macho. Mota ya Hammond haipunguzi. Ikibanwa inavuta umeme zaidi ili ibaki kwenye mwendo wake, inachemka, na muda wote huo kinanda kipo kwenye tyuni safi kabisa, mpigaji hajui lolote, kwaya haijui lolote. Mpaka siku uzito unazidi nguvu yake, inatoka kwenye mwendo, sauti inaporomoka taratibu mpaka chini kabisa na kimya. Kwa hiyo joto ndo dalili pekee ya mapema uliyonayo, usisubiri sauti ikwambie.

Kabla hujafungua nyuma: chomoa plagi, sio kuzima swichi, chomoa. Vinanda hivi vina amplifaya za taa (valvu) na kapasita zake zinabaki na mamia ya volti hata umeme ukiwa haupo, kwa hiyo kama hujui kuzimwaga huo umeme usiingize vidole huko, kaa upande wa mota. Na vingi bado vina ule waya wa zamani wa plagi ya miguu miwili bila athi, na mpira wake unamong'onyoka ukiukunja. Ukiuona hivyo ubadilishe kabla ya mengine yote, weka wa miguu mitatu, athi ifunge kwenye chasisi. Kazi zinazohitaji kuwasha huku nyuma kupo wazi, vua saa, funga nywele, tai itoe, ile shafti ndogo haina huruma.

Kwanza ujue ni nini hasa kinachochemka

Watu wanasema "mota inaungua" kumbe sio mota. B-3, C-3, A-100 na M-3 zina mota mbili, moja ya kuwashia na moja ya kuendeshea, zipo ncha mbili tofauti za jenereta, yaani ule mtambo wa magurudumu yanayotoa sauti. Kuna resista ya mota ya kuwashia, nayo ikipata moto inatoa harufu kali kuliko mota. Kuna transfoma ya amplifaya, ambayo kuwa na joto ni kawaida yake. Na kama una spika ya Leslie (ile yenye vitu vinavyozunguka ndani), humo ndani kuna mota zake mwenyewe, na harufu ya mota ya Leslie inasambaa chumba kizima mpaka mtu analaumu kinanda bure. Zima Leslie, chomoa waya wake, washa kinanda peke yake uone kama harufu ipo.

Kuhusu joto la kawaida. Mota ya kuendeshea huwa ina joto, hiyo ieleweke, imefungiwa kwenye boksi la mbao haina feni ya kujipoza. Mi kipimo changu cha mkono ni kwamba baada ya saa zima niweze kuweka kiganja juu ya chuma lake nikahesabu taratibu kidogo bila kukimbia. Kama hata kugusa siwezi, hapo kuna jambo. Ila bora zaidi tumia kile kipimajoto cha kupiga bila kugusa, kilekile walichokuwa wanatupiga nacho kwenye paji la uso enzi za korona au cha fundi wa friji (cha fundi ndo kizuri, cha paji la uso kinaishia joto la mtu). Piga sehemu ileile ya mota kila dakika kumi, andika. Namba yenyewe haina maana kubwa kama mwendo wake: mota nzima inapanda alafu inatulia, ikifika mahali inakaa hapohapo. Mota inayoteseka inapanda, inapanda, saa limeisha bado inapanda. Hiyo karatasi itunze, ndo utakayoilinganisha ukishafanya marekebisho.

Mota ya kuwashia inachemka, au resista inanuka

Hapa mara nyingi kosa ni la namna ya kuwasha. Utaratibu wake ni huu: unashika swichi ya Start (ya kuwashia) kama sekunde 8, unasikia ile mota inapandisha mlio mpaka unatulia, alafu bila kuachia unawasha Run (ya kuendeshea), unaendelea kushika Start kama sekunde 4, ndo unaiachia. Zile sekunde 4 zina kazi. Mota ya kuwashia inakuwa imeuzungusha mtambo kupita kidogo ule mwendo unaotakiwa, ukiwasha Run resista inaingia inaipunguzia nguvu, huku mota ya kuendeshea inaushika mtambo kama breki mpaka unashuka kwenye 1200, hapo inaudaka. Mtu akiachia mapema haidaki, akirudia rudia mara kumi mfululizo mota ya kuwashia inapata moto maana haikuundwa kufanya kazi mfululizo, ni ya sekunde chache tu ipumzike.

Kama utaratibu ni sahihi na bado inachemka, angalia swichi yenyewe ya Start. Ile inatakiwa irudi yenyewe ukiachia. Zikizeeka springi inalegea au ndani kunajaa uchafu, unaachia kidole lakini kontakti hazijaachana vizuri, kwa hiyo mota ya kuwashia inaendelea kupata umeme kupitia resista muda wote unapiga nyimbo. Ndo ile unasikia mlio wa chinichini wa gia ambao haukuwepo, na ile resista inakuwa ya moto ajabu. Kuipima ni rahisi, chomoa plagi, weka multimeta kwenye miguu ya swichi, bonyeza achia, bonyeza achia, ikiachia isome wazi kabisa, sio namba inayochezacheza.

Sababu ya tatu ni kijigia chake. Shafti ya mota ya kuwashia inasogea: ikipata umeme sumaku inaivuta mbele, kigia kinakamata gia ya shafti kuu, umeme ukikatika springi inakirudisha nyuma. Mafuta ya miaka 40 yakiganda pale, shafti inashindwa kusogea. Utasikia mojawapo kati ya haya, inavuma tu hmmmm bila kukamata (na inachemka maana imekwama), au inazunguka kwa kasi peke yake bila kushika kitu, au inakamata vizuri lakini ukiachia haitoki, inabaki inaburuzwa na mtambo. Umeme ukiwa umechomolewa sukuma ile shafti kwa kidole kuelekea ndani na uachie. Inatakiwa iende laini na irudi yenyewe tap. Kama inarudi kivivu kama imeshikwa na asali, umeshampata mwizi, isafishe kisha itie mafuta yake, usiguse kitu kingine kwanza.

Mota ya kuendeshea inavuma, haizunguki, ya moto ndani ya dakika chache

Kwenye modeli za swichi mbili, swali la kwanza: nani aliwasha? Maana mota ya kuendeshea haiwezi kujianzisha yenyewe, mtu akiwasha Run peke yake inakaa palepale inatetemeka na kuvuma, umeme unapita, hakuna mzunguko. Kwenye makanisa hii ipo sana, anakuja mgeni anaona swichi mbili, anawasha moja, taa za amplifaya zinawaka, anasubiri sauti haiji, anaenda kumtafuta mtu wa mitambo, na kinanda kimeachwa hivyo. Ukikikuta zima Run, acha ipoe, anza upya kwa utaratibu. Mi kwenye vinanda vya makanisa ninavyoshughulikia nabandika kikaratasi kidogo kando ya swichi zenyewe, Start hesabu mpaka nane, ongeza Run hesabu mpaka nne, achia Start. Kimeniokolea mengi.

Modeli ndogo za swichi moja kama L-100 zinajiwasha zenyewe. Hizo zikivuma bila kuzunguka kwanza zungusha shafti kwa mkono (plagi ikiwa nje) uone kama ni nyepesi. Ikiwa nyepesi na bado haiondoki, angalia kama mota yako ina kapasita na uipime, zile za zamani zinakauka, mota inakosa nguvu ya kuanzia na inabaki inachemka bure. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zilezile na iwe ya umeme wa AC ya kazi ya mota, volti zisipungue zilizoandikwa. Usiweke ya amplifaya, italipuka.

Inazunguka vizuri, sauti nzuri, ila joto linapanda tu

Hii ndo dalili ya wengi na hapa ndo nitakaa, maana jibu lake karibu siku zote ni mafuta, na mafuta ya Hammond yana mambo yake.

Juu ya jenereta ukifungua nyuma au ukiinua kifuniko cha juu utaona vikombe au mirija midogo kama faneli. Chini yake kuna tray ndogo ndani, na kutoka kwenye tray zinatoka nyuzi za pamba, nyingi, nyembamba kama uzi wa kushonea, kila uzi unaenda mahali pake, huu kwenye beringi hii, ule kwenye ile. Mafuta yananyonywa na uzi taratibu yanafika yanakotakiwa. Kampuni ilisema tia mara moja kwa mwaka. Mota nazo zina sehemu zao za mafuta, na skana inalishwa kwa nyuzi hizohizo upande wa mota.

Sasa kinanda kimekaa stoo miaka 25 hakuna aliyetia kitu. Nyuzi zimekauka. Au mbaya zaidi, mtu mwenye nia njema alitia mafuta ya gari, au akapuliza WD-40. Hiyo WD-40 siku ya kwanza inakufurahisha, kila kitu kinateleza, maana imeyeyusha uchafu wote, alafu inakauka inaacha utando unaonata, na ule uchafu ulioyeyuka umeshanyonywa na nyuzi zimeziba. Mafuta ya gari yana sabuni ndani na ni mazito, uzi hauwezi kuyapandisha, yanabaki kwenye tray yanageuka rangi ya kahawia. Nimefungua moja, uzi ukiugusa na kibanio ulikuwa mgumu umekakamaa kama waya, umelowa lakini haupitishi kitu, na beringi zilizo mbele yake kavu kabisa. Kwa juu ungesema kinanda hiki kina mafuta tele.

Vipimo viwili visivyo na gharama. Cha kwanza, plagi ikiwa nje, zungusha shafti kwa vidole pale inapoungana na mota. Itakuwa na uzito fulani, ndiyo, magurudumu ni mengi, lakini uzito wake uwe sawasawa mzunguko mzima. Ukihisi inanata, au inakwama mahali fulani kila mzunguko, kumbuka hapo. Cha pili, washa, iache iendeshe robo saa, zima Run na usikilize inavyosimama. Mtambo mzima unaendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa unapungua taratibu. Uliokauka unasimama ghafla kama umekamatwa. Rudia hicho kipimo kinanda kikiwa cha baridi na tena baada ya saa zima, kikisimama haraka zaidi kikiwa baridi jua ni mafuta yaliyoganda, kikisimama haraka zaidi kikiwa cha moto mi huwa nashuku beringi ya mota inabana chuma likitanuka.

Dawa ni kutia mafuta sahihi, yale yanayouzwa kwa jina la mafuta ya jenereta ya Hammond, mepesi sana, hayana sabuni. Ya cherehani yanakaribia lakini mi siyaweki, chupa ya mafuta sahihi haina bei ya kutisha na inakaa miaka. Tia, acha yanywe, rudi kesho, tia tena. Nyuzi zilizokauka kabisa haziamki siku moja, inaweza kuchukua wiki, na usilazimishe kwa kumwaga mpaka yanafurika, mafuta yakimwagikia kwenye skana umejitafutia tatizo lingine la sauti kukwaruza.

Kama nyuzi zimeziba kwa gundi ya mafuta mabaya, wengi wanatumia nafta, ile ya laita, kidogo kidogo kwenye vikombe na kwenye nyuzi zenyewe ili iyeyushe, wanaacha, wanazungusha kwa mkono, kisha wanafuatisha mafuta. Inafanya kazi. Lakini nafta inawaka kwa cheche ndogo tu, kwa hiyo plagi nje, madirisha wazi, hakuna sigara hakuna jiko karibu, na usiwashe kinanda siku hiyo, swichi zenyewe zinatoa cheche, subiri mpaka harufu iishe kabisa ndo utie mafuta na uwashe. Kama una watoto wadogo ndani au huna pa kufanyia penye hewa, kazi hii mpe fundi.

Ukishatia mafuta na bado nzito, tenganisha. Kati ya mota ya kuendeshea na shafti ya jenereta kuna springi za kuunganishia. Zifungue, alafu zungusha upande wa jenereta peke yake, na upande wa mota na skana peke yake. Upande mgumu ndo wenye kesi. Mara nyingi inaangukia skana au beringi ya mota, kwa sababu magurudumu yenyewe yana ujanja mmoja, gia zake zimekaa kwa kubanwa na springi, gurudumu moja likijamu gia yake inateleza na mtambo unaendelea. Kwa hiyo gurudumu lililokwama haliwezi kusimamisha kinanda, ila linaongeza mkwaruzo, na dalili yake ni nota kupotea, mara nyingi mbili za jina moja kwenye oktavu zilizo mbali, maana magurudumu yamefungwa mawili mawili kwenye shafti moja. Ukiwa na nota mbili bubu na mota ya moto, anzia hapo. Na hizo springi za kuunganishia zikague hukohuko, ikikatika moja mota inatetemeka na kugonga gonga.

Umeme wenyewe

Vinanda vya Marekani viliandikwa volti 115 au 117. Soketi za leo huko zinatoa 120, sehemu nyingine mpaka 125. Mota ya sumaku ikipewa volti za ziada inavuta umeme mwingi kuliko hiyo ziada yenyewe, chuma lake linashiba sumaku na kinachobaki kinageuka joto. Pima soketi kinanda kikiwa kimewashwa. Ukikuta 124 na kila kitu kingine kipo sawa, transfoma ya kupunguza volti chache inashusha joto la mota bila kugusa sauti, na valvu zako pia zitakushukuru.

Kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki au popote kwenye umeme wa volti 230 au 240 na hezi 50, hapa ndo kuna mtego. Mtu ameletewa M-3 kwenye kontena kutoka Marekani, ananunua transfoma ya kushusha kwenda 110, anawasha, kinanda kinalia, anafurahi. Transfoma inabadilisha volti, hezi haigusi. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50 inazunguka 1000 badala ya 1200, na kinanda chote kinashuka nusu toni tatu na kidogo, unabonyeza A unasikia F# iliyoshuka, na hata ukikwepa kwa kupiga ufunguo mwingine bado hakikai sawa na gitaa. Hiyo ni sauti. Kwa joto ni hivi: kwa hezi 50 koili zinapitisha umeme zaidi kwa volti zilezile, kwa hiyo mota inachemka hata kama beringi zimelainika vizuri. Kwa hesabu, mota ya volti 117 na hezi 60 kwenye hezi 50 ingetakiwa ipate kama volti 97 au 98 tu ili ibaki kwenye joto lake. Kuna wanaoilisha mota peke yake kwa transfoma ya 100, inapoa kweli, ila sauti inabaki chini palepale. Jibu la kweli ni kifaa cha kubadilisha hezi cha kuilisha mota, au kununua kinanda kilichotengenezwa kwa hezi 50 tangu mwanzo, vipo, viliuzwa Uingereza na Ulaya. Kibao cha nyuma kimeandikwa volti na hezi zake, kisome kabla hujalipa hela.

Na jenereta za mafuta na inveta za bei rahisi: jenereta ikipanda na kushuka spidi kinanda nacho kinapanda na kushuka tyuni, na inveta ambazo hazitoi wimbi safi zinachemsha mota za aina hii, zinavuma kwa ukali ambao kwenye umeme wa ukutani haupo. Ukisikia huo mlio badilisha chanzo cha umeme kabla hujashika bisibisi.

Ikibaki mota yenyewe

Mafuta sawa, swichi sawa, volti sawa, shafti nyepesi, na bado joto linapanda bila kutulia, hapo sasa ndo ushuku koili. Tenganisha waya za mota kutoka kwenye saketi nyingine kwanza, la sivyo utapima vitu vingine. Pima kati ya waya na chuma la mota, multimeta ya kawaida inatakiwa isione kitu, ikionyesha namba yoyote hapo koili imeanza kuvujisha umeme kwenye bodi na hiyo sio ya kuendelea kuitumia hata siku moja, hasa kama kinanda hakina athi. Fundi mwenye mega (kipimo cha umeme unaovuja) atakupa jibu la uhakika zaidi maana anapima kwa volti kubwa. Shoti ya ndani kati ya mizunguko ya koili ni ngumu kuiona kwa multimeta, dalili yake ni mota kuwa ya moto haraka hata ikiwa haina mzigo mzito, upande mmoja wa koili ukiwa na joto kuliko mwingine, na vanishi kuwa imegeuka nyeusi mahali.

Kusuka upya inawezekana, fundi wa kusuka mota mzuri anaweza, mradi ahesabu mizunguko ya ile ya zamani kabla ya kuikata, apime unene wa waya na achore mwelekeo wa kila koili. Ila Marekani mara nyingi ni nafuu kutafuta kinanda kingine cha modeli ileile kilichokufa amplifaya ukachukua mota, hivi vidogo vya nyumbani watu wanavitoa hata bure wapate nafasi sebuleni. Hakikisha ni modeli ileile na hezi zilezile, mota za vinanda vidogo na za B-3 sio za kubadilishana hivihivi.

Leslie kwa kifupi. Kwenye modeli za 122 na 147 kila rota (sehemu inayozunguka) ina mota mbili zimebebana, kubwa ya kasi na ndogo ya taratibu, na ile ndogo inaisukuma kubwa kupitia kigurudumu cha mpira. Mpira ukikakamaa au mafuta yakikauka ile ndogo inajamu, na kwa kuwa mwendo wa taratibu ndo unaoachwa umewashwa muda mrefu, inakaa imekwama na umeme inachemka. Weka kwenye mwendo wa taratibu uangalie kama pembe ya juu na ngoma ya chini vyote vinazunguka. Kimoja kikiwa kimesimama, zima, mota ndogo ya upande huo itoe, isafishe, itie mafuta, mpira ubadilishe, na ukiirudisha usogeze mpaka mpira uguse tu, ukiubana sana inajamu tena.